Historia ya Madamu Zelifa Kamwaza, Mwalimu wa Umoja na Wingi

Wachungaji wetu, machifu, walimu, akina mama wa Chigwirizano, umoja wa wanawake wa kanisa letu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Kadzombe asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 15 Julai 2023, familia inawasalimu kwa heshima, na inaomba historia hii isomwe polepole, kwa sababu tunayemzika leo hakupenda mtu anayesoma kama anafukuzwa.

Zelifa Kamwaza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kijiji hiki, wilaya ya Ntchisi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Yohane Kamwaza na marehemu Nasilina Chiotha. Alizaliwa nyumbani kabla mkunga hajafika, na mwanamke aliyempokea alikuwa mpita njia tu aliyekuwa anakwenda kisimani, akasikia sauti, akatua ndoo yake, akafanya kazi yote mpaka mtoto akalia, kisha akaondoka bila kutaja jina, na mama yake Zelifa alimtafuta mwanamke yule miaka mingi ili amshukuru, asimpate.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 katika Shule ya Msingi Kadzombe, akipelekwa na mjomba wake, marehemu Josofati, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, na watu walipomwuliza, "Josofati, msichana huyu akijua kusoma wewe utapata nini?" aliwajibu, "Atanisomea barua zangu, maana nyinyi nimewachoka, kila mkinisomea mnacheka kwanza ndipo mnaniambia." Alimaliza darasa la nane mwaka 1977, hakuchaguliwa kwenda sekondari, akasoma kwa masafa katika kituo cha makao makuu ya wilaya, akitembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi kila Jumanne na Ijumaa, na mwaka 1981 akapata cheti cha kidato cha pili.

Tarehe 10 Septemba 1983 alifunga ndoa kanisani na Bwana Laisoni Mkwezalamba wa Dowa, ambaye alikuja kukaa hapa kwetu kama wakwe wote wanavyokuja, akiwa na baiskeli moja na panga, akapewa kipande cha bonde ambacho hakuna mtu aliyekitaka kwa sababu kilikuwa kinajaa maji, na ndani ya miaka miwili bonde lile likawa linalisha nyumba nne. Baba Laisoni alitutangulia tarehe 2 Mei 2016. Mungu aliwajalia watoto wanne, Tionge aliyezaliwa mwaka 1984, Mayamiko mwaka 1987, Lonjezo mwaka 1990 ambaye surua ilimchukua akiwa na miezi kumi na mmoja, na Takondwa mwaka 1993, na pia wajukuu saba. Siku ya msiba wa Lonjezo jirani mmoja alifua nguo zote za mtoto, akazikunja, akazihifadhi kwake mwaka mzima mpaka mama yake alipoweza kuziangalia, na nguo hizo ndizo alizovaa Takondwa.

Kazi ya ualimu aliianza tarehe 3 Oktoba 1994, mwaka ambao ada ya shule ya msingi ilifutwa na watoto wakamiminika, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, wengine sauti zimeshakuwa nzito, na serikali ikatafuta walimu popote. Aliajiriwa kama mwalimu wa muda, akapewa darasa la kwanza kwa sababu wenzake wote walilikataa. Alilipenda darasa hilo, hakutaka kuliacha, lakini neno "wa muda" hakulipenda, lilikuwa limeandikwa kwenye barua yake ya kazi, kwenye daftari la mwalimu mkuu na kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, na alimwambia mumewe kwamba hataki kupanda cheo wala kuhamia mjini, anachotaka ni cheti cha ualimu, ili siku akiulizwa yeye ni nani aseme mwalimu, anyamaze. Kwa hiyo akaingia kwenye mafunzo ya likizo, miaka mitatu, kuanzia 1999 hadi 2001, akayamaliza, na kilichobaki kilikuwa ukaguzi wa darasani mara mbili, ambao ulipangwa muhula wa kwanza wa mwaka 2002.

Somo alilolifundisha vizuri kuliko mengine yote lilikuwa la umoja na wingi. Hakuanzia ubaoni, alianzia mwilini mwa mtoto, mkono, mikono, jicho, macho, akimshikisha kila mmoja kitu anachokitaja, na ilipofika kwenye jino na meno walimu wa madarasa mengine walikuwa wanakuja dirishani kusikiliza, maana kila mwaka alikuwepo mtoto wa kusema, "Madamu, mimi nina jino, meno sina." Alisema kwamba mtoto akishika kimoja kwa mkono wake, halafu akashika vingi, neno litakuja lenyewe na fimbo haina kazi. Somo hilo kwa kawaida lilichukua siku nne.

Sasa familia inafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia nusu, na wengine mlilisikia vibaya. Marehemu alilinyamazia kwa miaka zaidi ya ishirini. Tunalisema leo kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya akina mama kumi na mmoja wanaohusika, na mama Mailesi, ambaye amekaa hapa mbele pamoja nasi, ameruhusu sufuria yake itajwe.

Mavuno ya mwaka 2001 yalikuwa mabaya, na Krismasi ya mwaka huo ilikuta ghala nyingi za Kadzombe zimefagiliwa. Shule ilipofunguliwa Januari, darasa la kwanza lilikuwa na watoto 137 walioandikishwa, na siku ya nne walikuja themanini na mmoja. Madamu Zelifa akaenda kuwauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna mama aliyetaja njaa, mmoja alisema mtoto ana homa kidogo, mwingine alisema kaenda kwa bibi yake, na alipofika kwa mama Mailesi alikuta sufuria iko motoni imefunikwa vizuri, inatokota, na binti yake Sofilina, wa miaka sita, amekaa karibu anaiangalia.

"Karibu Madamu, kaa, chakula kinakaribia kuiva, utakula nasi," mama Mailesi alisema.

"Asante dada, nimetoka kula sasa hivi, nimeshiba," Madamu Zelifa akajibu, ingawa alikuwa hajala, kwa sababu alikuwa amesimama upande unakoelekea moshi na hakuna harufu yoyote iliyotoka kwenye sufuria ile. Yalikuwa maji.

Alirudi nyumbani akijua mambo mawili. La kwanza, kwamba watoto wasipokula hawatarudi darasani, na wengine hawatarudi mahali popote. La pili, kwamba akitangaza chakula hakuna mama wa Kadzombe atakayemleta mtoto, kwa maana kwetu mwanamke ambaye sufuria yake iko motoni hamtumi mtoto wake akale mkononi mwa mtu mwingine, hata kama ndani ya sufuria kuna maji, afadhali amfungie ndani aseme ana homa. Basi Jumatatu iliyofuata akatuma habari kwa kila nyumba kwamba darasa la kwanza limepata vifaa vipya vya somo, na mtoto asiyekuja atapitwa.

Vifaa hivyo vilikuwa michembe, viazi vitamu vya bondeni kwa baba Laisoni, vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani, magunia tisa yaliyokuwa akiba ya nyumba yao mpaka mavuno. Alivibeba kwa ungo. Alipita kwenye mistari ya watoto waliokaa sakafuni, akaweka kimoja kwenye kiganja cha kila mtoto, wakasema wote, kipande, kisha akapita mara ya pili, akaongeza viwili, wakasema, vipande, na hakuna aliyeruhusiwa kutia kinywani mpaka wa mwisho apate, ingawa wapo waliolamba. Somo lilipoisha walikula vifaa, wakapumzika, wakaimba kidogo, wakarudi nyumbani kabla jua halijawa kali, kwa kuwa hawakuwa na nguvu za zaidi ya hapo. Kesho yake somo likawa lile lile.

Siku ya tatu Sofilina aliinua mkono. "Madamu, mimi bado sijaelewa."

"Hujaelewa wapi?"

"Hapo kwenye vipande."

Madamu Zelifa akamrudia, akampa viwili tena, akamwuliza kama sasa ameelewa, Sofilina akasema ameelewa kidogo. Siku ya nne watoto tisa walikuwa hawajaelewa. Ijumaa hakuna aliyeelewa, darasa zima, mikono juu, na Madamu aliwarudia wote, na kuanzia siku hiyo utaratibu wa darasa ukawa huo, asiyeelewa anarudiwa. Mwisho wa Januari watoto waliokuwa wanahudhuria walifika 130, na wiki iliyofuata walifika 137, na hawakupungua tena, na daftari la mahudhurio lipo, mtu yeyote anaweza kuliona.

Baba Laisoni hakuambiwa chochote mwanzoni, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu magunia yake kwa macho, na jioni moja akasema, "Mama Tionge, hivi viazi vyetu vimeota miguu?"

"Vinakwenda shule," mkewe akasema.

"Aa. Basi vikirudi vituandikie barua."

Hakuuliza tena. Ila kuanzia kesho yake alichukua kisu yeye mwenyewe, akawa anakaa mlangoni kila alasiri anapasua vile vipande vinene katikati, viwe vyembamba, viwe vingi, na Takondwa alipolalamika kwamba kwao wanakula kidogo na viazi ni vyao, baba yake alimwambia, "Wewe uko darasa la tatu, umeshaelewa."

Mshauri wa elimu wa kanda yetu wakati huo alikuwa Bwana Edisoni Nthala. Ametuomba jina lake lisifichwe. Alikuja mara ya kwanza Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, akaona somo, akasema ni zuri kwa kuwa watoto wanashika vitu halisi, akamshauri mwalimu aendelee na somo linalofuata kwenye kitabu. Mara ya pili alikuja Jumanne tarehe 12 Machi, akakuta kipande na vipande. Akafungua madaftari ya watoto wachache waliokuwa nayo, akakuta kipande na vipande, wiki nane, hakuna kingine. Asubuhi hiyo akina mama watatu, na mama Mailesi akiwa mmoja wao, walikuwa wanakandika ukuta wa darasa kwa udongo, kama zamu yao ilivyokuwa, umbali wa hatua nne kutoka mlangoni.

Bwana Nthala, ambaye hakuwa mtu mkali, aliwageukia watoto akawauliza kwa upole, "Haya watoto, nani ameelewa umoja na wingi?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Nani hajaelewa?"

Watoto wote 137 wakainua mikono. Sofilina aliinua miwili.

Wale akina mama waliacha kukandika. Bwana Nthala akamtazama mwalimu, akasema, "Madamu, wiki nane. Nieleze." Na Madamu Zelifa, ambaye cheti chake chote kilikuwa juu ya ile kalamu aliyoishika mshauri, alitazama mlangoni, akaona mikono ya akina mama ina udongo na masikio yao yako ndani ya darasa, na akajua kwamba neno moja tu la kujieleza, chakula, likitoka kinywani mwake, kesho yake watoto watakuwa na homa tena na wengine watakuwa wamekwenda kwa bibi zao. Mavuno yalikuwa bado wiki tano.

"Ni kweli," alisema. "Bado hawajaelewa. Nitawarudia."

Taarifa iliandikwa siku hiyo hiyo, juu ya meza ya mwalimu mkuu, na ilisema kwamba mwalimu hana uwezo wa kuvuka somo la umoja na wingi, na kwamba baada ya wiki nane hakuna mtoto hata mmoja aliyelielewa. Akapewa kalamu, akaitia sahihi. Cheti kilizuiwa. Kesho yake asubuhi alibeba ungo wake kama kawaida.

Mahindi yalipokomaa katikati ya Aprili darasa lilivuka, na kwa mshangao wa walimu wengine likamaliza kitabu cha mwaka mzima kufikia Oktoba. Lakini taarifa ilikuwa imeshakwenda. Aliomba kukaguliwa upya mwaka 2007 na mwaka 2012, mara zote mbili faili lilifunguliwa, mstari ule ukasomwa, faili likafungwa. Waliosoma naye likizo wakawa walimu wakuu. Jina la Madamu Wingi lilizaliwa hapo, na kwa miaka kadhaa kwenye chumba cha walimu hakupitisha wiki bila kuulizwa, "Madamu Wingi, umeshavuka?" naye alijibu, "Bado, niko mtoni," akaendelea kunywa chai yake. Wenzake hawakuwa watu wabaya, hawakujua, na mmoja wao, ambaye alimtania kuliko wote, ndiye aliyekuwa anamwachia kiti kilicho karibu na dirisha kila siku, kwa sababu alijua kifua chake hakipendi vumbi la chaki.

Tionge, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, alimwuliza siku moja wakichambua maharage, "Mama, si ungewaandikia tu ukweli? Njaa imeshapita."

"Niwaandikie nini? Kwamba Mailesi alikuwa anachemsha maji?"

"Sasa wewe ubaki wa muda mpaka lini?"

"Mpaka muda uishe," alisema, akacheka, lakini Tionge anasema mikono yake iliacha kuchambua.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2021, siku aliyotimiza miaka sitini, akiwa amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita na miezi kumi, na barua ya kumuaga iliandikwa kwa Mwalimu wa Muda Z. Kamwaza.

Tarehe 6 Februari 2022, akiwa anafagia uwanja, alianguka, akapatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukafa nguvu na maneno yakawa yanatoka moja moja. Alilazwa hospitali ya wilaya wiki tatu, ambako muuguzi wa wodi alikuwa Sofilina, yule yule, ambaye alimwogesha kwa mikono yake mwenyewe kila asubuhi kabla ya zamu yake kuanza, na baada ya kutoka hospitali alikuwa anakuja huku Kadzombe kila Jumapili ya pili kupima presha yake, akitumia siku yake ya kupumzika.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Bwana Nthala, ambaye naye alikuwa amestaafu, alikuwa kwenye foleni ya dawa za presha katika hospitali hiyo, akasikia muuguzi anaitwa kwa jina la ukoo wa Kadzombe, akamsalimia, akamwuliza kama alisoma kwa yule mama wa darasa la kwanza. Sofilina alicheka. "Yule ndiye mama yangu wa pili, baba. Mwaka wa njaa tulikuwa tunamwambia hatujaelewa, anatuongezea viazi. Siku moja akaja mkaguzi akauliza nani hajaelewa, tukainua mikono wote, mimi nikainua miwili, nikajua leo tutashiba kabisa." Anasema yule mzee hakucheka. Aliuliza, "Mkaongezewa?" akaambiwa ndiyo, mgeni alipoondoka waliongezewa. Akatoka kwenye foleni bila dawa zake, na Sofilina ikabidi amfuate nje nazo.

Jumapili iliyofuata alikuja hapa kwa baiskeli ya kukodi. Alimkuta marehemu amekaa kibarazani, akavua kofia, akasema, "Mama, nilikagua somo, watoto sikuwakagua. Nataka kuiandikia wizara, nieleze kila kitu."

Marehemu alichukua muda mrefu kulitafuta neno. "Hapana," alisema.

"Kwa nini, mama? Kosa ni langu."

"Siri si yangu peke yangu. Waulize akina mama."

Basi Bwana Nthala na Tionge wakaenda nyumba kwa nyumba, siku mbili, kwa akina mama kumi na mmoja walio hai kati ya wale wa mwaka ule, wakianzia kwa mama Mailesi, ambaye aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaangalia kama watu waliochelewa.

"Baba, sisi tulijua tangu siku ya kwanza. Mtoto anakwenda shule amelegea, anarudi anapigana na dada yake! Mwenye njaa anapigana? Na kifaa cha somo gani kinatoka na makombo kwenye mashavu?"

"Mbona hamkusema, mama?"

"Yeye mbona hakusema? Aliona sufuria yangu, akaniambia ameshiba. Nami nikimwona na ungo wake nilikuwa namwambia, Madamu, somo jema." Kisha akauliza, "Kumbe ndiyo maana hawakumpa karatasi yake?" na alipoambiwa ndiyo, aliingia ndani, akakaa huko kidogo, akatoka amefunga kitambaa chake cha kanisani. "Andika," alisema. "Andika na jina langu. Andika maji."

Wote kumi na mmoja waliruhusu, na wasioandika waliweka dole gumba, na barua ikaenda tarehe 21 Novemba 2022. Hapo ndipo familia ilipoelewa kitu kingine, kwamba zile mboga, mayai na vikapu vya karanga vilivyokuwa vinakutwa mlangoni kwetu kila mavuno tangu mwaka 2002, bila mtu kubisha hodi, na ambavyo baba Laisoni alikuwa anasema vimeletwa na upepo, havikuletwa na upepo.

Majibu yalikuja tarehe 28 Juni mwaka huu. Yalisema kwamba mtumishi aliyestaafu hawezi kupewa cheti cha ualimu, sheria hairuhusu, lakini kwamba aliyeandika taarifa anaruhusiwa kuisahihisha, na taarifa iliyosahihishwa itawekwa kwenye faili badala ya ile ya kwanza. Bwana Nthala aliiandika upya, akaitia sahihi mbele ya mwalimu mkuu wa sasa, akaleta nakala hapa tarehe 2 Julai. Tionge alimsomea mama yake mara mbili. Mama aliuliza, "Tarehe ni sawa?" Akaambiwa ni sawa. Akaomba karatasi, akaishika kwa mkono wa kushoto, na alilala nayo mchana wote, na jioni alisema kwamba siku yake ikifika isomwe, lakini isomwe mwisho, baada ya shukrani, ili watu wasije wakasahau kuwashukuru madaktari.

Tarehe 11 Julai alipatwa na kiharusi cha pili, akapelekwa hospitali, na Alhamisi tarehe 13 Julai 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, alituacha, Tionge akiwa upande mmoja na Sofilina upande mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, na kwa namna ya pekee muuguzi Sofilina, inamshukuru dereva wa lori la tumbaku aliyemchukua mgonjwa wetu tarehe 11 akamlaza kwenye kiti cha mbele, yeye mwenyewe akaendesha amekaa nusu, inawashukuru majirani waliochota maji na kukata kuni tangu juzi bila kuombwa, vijana waliochimba kaburi, akina mama wa Chigwirizano waliopika nsima ya watu wote hawa, walimu wa Shule ya Msingi Kadzombe waliofunga madarasa jana, na Bwana Edisoni Nthala, ambaye amekuja akiwa mgonjwa na amekataa kiti. Na kwa wale tuliowasahau, tusameheni, mikono ilikuwa mingi.

Sasa tunasoma karatasi yake, kama alivyoagiza.

"Ukaguzi wa tarehe 12 Machi 2002. Darasa la kwanza. Mwalimu, Zelifa Kamwaza. Walioandikishwa, mia moja thelathini na saba. Waliohudhuria, mia moja thelathini na saba. Walio hai mwisho wa muhula, wote. Mwalimu anajua kazi yake."

Mwalimu Zelifa, pumzika sasa, kwa amani yote uliyowaachia wengine.